Maneno Ambayo Mjapani Hakuyasema

Kambale, rafiki yangu,

Barua huanza kwa kuuliza hali. Yako naijua, kwa hiyo nitakupa ya huku. Mvua imenyesha vizuri, watu wa Kyondo wanachuma kahawa, na kile kibanda cha video pale Bwera ulipokuwa ukitutafsiria filamu bado kimesimama, ingawa bati la upande wa mlango limeanza kuvuja. Mimi ni mzima. Mgongo unauma, lakini ulikuwa ukiuma hata wewe ulipokuwa hai, nawe ukinicheka.

Nakuandikia kwa jambo moja. Ulikufa mimi na wewe tukiwa hatusemezani. Uliniomba msamaha, nami nikaondoka bila hata kukusalimia, na baada ya wiki tatu homa ikakuchukua. Sikujua kwamba uliniomba msamaha. Nimejua mwezi huu, mjini Kasese, kwenye simu ya Masika, binti wa dada yangu.

Ngoja nianzie mwanzo, maana ungekuwepo ungeshaniambia nirudishe nyuma.

Unaikumbuka ile filamu ya Kihindi. Wewe kwenye kigoda chako, maiki mkononi, na mimi nyuma yako na nyaya za spika, kama tulivyokaa miaka sita. Kihindi hukukijua, wala Kichina, wala Kijapani. Ulikuwa na Kiswahili chako cha Butembo, Kifaransa kidogo cha shule na uongo mwingi mtamu, na watu wa Bwera hawakutaka zaidi ya hapo. Kazi ya kutafsiri filamu kwetu ndiyo hiyo. Jambazi wa Bombay lazima apewe jina la mtu wa sokoni, na bibi harusi lazima awe amezaliwa Kyondo, ndipo watu waone wamepata filamu.

Siku ile kulikuwa na mwanaume analia kwenye mvua kwa kuwa ameachwa na mke. Ukasema: “Muangalie fundi yetu ya spika. Bibi yake alirudia kwabo Kahendero, alichoka kulala na mawaya.” Kibanda kizima kikaangua kicheko. Ithungu, mke wangu, alikuwa ameondoka siku nane tu. Nilikuwa nimekuambia wewe peke yako, Kambale. Hata dada yangu alikuwa hajui. Nikang'oa waya, sauti ikakatika, nikapita katikati ya watu nikaenda zangu. Jumapili mbili sikwenda kanisani kwa aibu.

Miezi mitatu hukunijia, nami sikukujia. Nilisikia unawaambia watu kwamba mimi ni mtu wa hasira, na hasira hasara. Ni kweli, mimi ni mtu wa hasira. Lakini wewe nawe ulikuwa hujui kuomba msamaha kama watu wengine. Ulijua kuchekesha tu. Ungekuja mlangoni ukasema neno moja la kawaida, ningeteleka chai.

Halafu Jumamosi moja mchana mwenye kibanda akaniita, spika inaunguruma, njoo uitazame. Nilikuja kwa ajili ya spika. Nikaitengeneza, nikakaa benchi la mwisho, nawe ukaweka ile filamu ya Wajapani wanaokimbia.

Nitakusimulia kama nilivyoiona mara ya pili, kwa sababu siku ile hasira ilinifumba macho. Ni wanafunzi wa shule moja ya milimani. Wanakimbia barabarani, mbio ndefu za kupokezana, na badala ya kijiti wanapokezana mshipi wa kitambaa ambao kila mmoja anauvaa kifuani. Anayemaliza kipande chake anauvua na kumpa anayengoja. Lakini kuna sheria moja mbaya: mshipi ukichelewa kupita muda, anayengoja anaamriwa aondoke na mshipi mwingine, wa mwamuzi, usio wa shule yake. Basi kuna kijana mrefu anayepanda mlima na kijana mfupi anayemngoja juu. Ni marafiki tangu utoto, na wiki hiyo wamegombana. Yule mrefu anabanwa na misuli ya mguu njiani. Yule mfupi amesimama kwenye mstari, anaangalia kona ya barabara, na mwamuzi ameshika saa. Picha inakaa kwenye uso wake muda mrefu sana.

Hapo ndipo uliposema, polepole, bila mzaha: “Ndugu yangu, nilikosa. Uliniletea siri yako, miye nikaifanya michezo ya batu. Ukikatala kunisamehe, ni haki yako. Lakini miye niko hapa, nakungoja.”

Watu wakaanza kugeuza shingo kuniangalia, mmoja, wa pili, benchi zima. Nikasema moyoni, basi wamekumbuka ya Ithungu, wanataka waone kama nitalia wapate la kusimulia sokoni. Nikasema tena, tazama huyu mtoto wa Kijapani ana adabu kuliko rafiki yangu. Nikainuka nikatoka. Nilikusikia ukikohoa kwenye maiki, ukaendelea.

Kwenye mazishi nilibeba jeneza lako upande wa kushoto. Njia ya Butembo haikuwa ya kupitika, tukakuzika hapahapa Bwera, na mama yako akasema ni sawa, mlima ni uleule. Ithungu alikuja, akasimama mbali, akarudi Kahendero. Nakuambia kwa kuwa najua ungeuliza.

Sasa mwezi huu nilikwenda Kasese kutafuta vipuri. Masika anatengeneza simu karibu na paki ya teksi, nikakaa kwake kungoja mvua ipite, akaniambia ana filamu ya mbio ya Kijapani yenye maandishi ya Kiingereza chini. Nikaijua mara moja. Tukaangalia pamoja, yeye akinisomea. Tukafika pale kwenye uso wa yule kijana mfupi, Masika akanyamaza. Nikamwambia asome. Akasema hakuna cha kusoma. Nikamwambia arudishe. Akarudisha mara tatu, akanipa vile visikizi vyake niweke sikioni. Ni upepo, Kambale. Upepo na mtu anapiga filimbi kwa mbali. Yule kijana hasemi neno hata moja. Wajapani waliacha kimya chao kizuri pale, wewe ukakijaza, maana tangu nikujue hujawahi kuona kimya ukakiacha.

Masika akaniuliza, anko, unalia nini, mbona hata hajasema kitu?

Tena kuna mwisho ambao sikuuona kwa sababu nilikuwa nimeshatoka. Muda unaisha, mwamuzi anainua mkono, kijana mfupi anaondoka na ule mshipi wa kigeni. Anakimbia kipande chake mpaka mwisho. Watu wanafunga mahema, mabasi yanaondoka. Yeye anarudi kwa miguu barabara yote ile, anamkuta mwenzake bado amekaa kando ya njia na mshipi wa shule mikononi. Anaupokea, anauvaa, wanatembea. Hakuna anayeandika muda, hakuna anayepiga makofi. Nadhani wanachosema Wajapani ni kwamba rafiki ni yule anayerudi wakati kurudi hakuna faida tena. Mimi nilikuwa na wiki tatu za kurudi. Kutoka kwangu mpaka kwako ni mwendo wa sigara moja. Sikurudi, Kambale, na hilo linaniuma kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu ameshakuja, amekaa mapajani.

Tangu ufe, kibandani wanaweka filamu zilizotafsiriwa Kampala kwa Kiganda, na wenzako waliovuka kutoka ng'ambo ya mpaka wanakaa wanaangalia midomo tu. Mwenye kibanda alinisihi mara nyingi nishike maiki, eti nimekusikia miaka sita, lazima kitu kimeniingia. Nilikataa. Niliporudi kutoka Kasese nikamwambia nitashika, filamu nachagua mimi.

Jumamosi iliyopita nilikaa kwenye kigoda chako. Yule mwamuzi nikamfanya afande wa mpakani, watu wakacheka kidogo kwa kunihurumia. Tulipofika kwenye ule uso, nikanyamaza. Nilitaka wasikie upepo, wajue kilichokuwepo kweli. Basi Mama Biira, yule wa chai na chapati, akasema kutoka mlangoni: “Mbona iko kimya? Hapo ndiyo Kambale aliomba wewe msamaha.”

Nikageuka. Nikamuuliza alijuaje.

“Sisi wote tulijua. Siku ile hatukuangalia filamu, tulikuwa naangalia wewe tu. Tulikuwa naomba Mungu usitoke.”

Nikawatazama, wakainamisha vichwa. Ni walewale waliocheka siku ya filamu ya Kihindi. Kumbe zile shingo zote zilikuwa zinanisihi nikae, nami nikazipita nikatoka. Ni mimi peke yangu ndani ya kile kibanda niliyeamini kwamba Mjapani ndiye aliyekuwa akisema.

Filamu ikaendelea bila mtafsiri, wala hakuna aliyelalamika. Nikaweka maiki mdomoni nikasema: “Kambale, imekwisha. Imekwisha, ndugu yangu.” Mzee mmoja akaitika amina. Kisha nikawarudisha kwa afande na saa yake, maana watu walikuwa wamekuja kuona filamu.

Haya, pumzika sasa. Maiki nitaishika kila Jumamosi mpaka wanichoke, na nakuahidi siri ya mtu haitapita humo, hata ikiwa ya kuchekesha namna gani. Jumapili baada ya misa nitapanda mpaka kaburini kwako. Nitakuambia tena kwamba nimekusamehe, na nitakuomba unisamehe nilivyotoka siku ile. Nitakuja peke yangu, tuzungumze bila spika.

Ni mimi, fundi wako,
Bwambale