Kopo Lililobaki Tupu

Shikamoo Mama. Nakuandikia kutoka Tabaka, wanakochimba lile jiwe laini la kuchonga vinyago. Ndizi zao za kuchemsha ni tamu, lakini leo nimeziacha sahanini.

Kazi yangu waijua: kabla ya mradi kuanza, nawauliza watu hatari zake na kila moja ina uwezekano gani. Hapa wanataka kupanua chimbo. Asubuhi niliwapangia wachimbaji makopo, kila kopo na hatari yake, watie vijiwe: vichache kama si rahisi itokee, vingi kama yaja tu. La wizi likajaa. La barabara kukatika likajaa. La ukuta wa chimbo kuporomoka halikutiwa hata kimoja. Nikafurahi, Mama! Nikaandika sifuri, kwenye kipimo changu kinachoishia tano.

Saa ya chakula jua lilikuwa kali, ila hakuna aliyekaa kwenye kivuli cha ule ukuta. Nikamuuliza Kemunto, mama anayesugua vinyago. Akaninong'oneza, "Madam, hiyo hatuwekeangi jiwe. Ukiiwekea, ni kama umeiita."

Nikainua macho. Kuna ufa mrefu kama mnazi wetu, unachuruzika maji ya mvua ya jana.

Kesho wanashuka tena, nami nashuka nao kuupima. Sifuri nimeifuta, lakini kila nikitaka kuandika tano mkono unakataa.

Nakupenda, Mama. Niombee, ila hata kwenye dua usiutaje ukuta.

Mwanao, Zuhura