Kwa Wifi Aliyenifundisha "Keep" Tukichambua Pamba

Wifi yangu mpendwa,

Najua utaanza kwa kucheka. Utasema, wifi gani tena, na ng'ombe wa mahari walisharudi? Walirudi, ni kweli, na kaka yangu alikwenda mwenyewe kuwapokea. Lakini mimi hakuna aliyenirudisha kwetu wala kwenu, kwa hiyo nakuita nilivyozoea, na ukikataa tutagombana kama zamani.

Barua hii naiandika waziwazi, aisome yeyote, kwa sababu na wewe ulisemwa waziwazi. Uliondoka Ngulyati ukiitwa mzembe aliyeharibu pamba ya mumewe. Pamba ile niliiharibu mimi. Ulijua, nami nilijua kwamba unajua, na bado nikanyamaza miaka yote hii. Sasa nimesema, na moyo haujapasuka kama nilivyodhani.

Unakumbuka nilivyoanza kidato cha kwanza? Nyumbani kwetu ni Kisukuma mpaka tunapoota ndoto. Kiswahili chenyewe nilikikuta darasa la kwanza, na nilipoanza kukizoea tu nikaambiwa sasa kila somo ni Kiingereza. Mwalimu akatupa vitenzi vya kutungia sentensi. Kwenye "keep" nikafungua kamusi, macho yakatua kwenye "weka", nikafunga kamusi. Nikatunga sentensi kumi za kuweka: naweka kikombe, naweka jembe, naweka mzigo chini. Daftari likarudi na mikasi mitupu ya kalamu nyekundu. Nilifika nyumbani nikalitupa karibu na zizi, nikasema shule basi.

Wewe ulikuwa umekaa kwenye turubai, pamba imekuzunguka mpaka magotini. Uliishia kidato cha tatu kabla ya kuolewa kwetu, na madaftari yako ulikuja nayo kwenye sanduku la nguo, jambo ambalo mama alilishangaa sana. Hukunibembeleza. Ulisema tu, "Lete hilo daftari kabla ndama hajalitafuna."

Ukasoma, ukaguna. "Kabula, kuweka unaweka mara moja ukaenda zako. Hii 'keep' huendi zako." Ukanionyesha kuku wa mama kwa kidole chenye pamba. "We keep chickens. Tunafuga kuku. Ukiwasahau siku mbili, bado utakuwa nao?"

"Watakuwa na kicheche," nikasema.

"Basi umeshaelewa. Kaa hapa tufanye kazi."

Ndipo ulipoanzisha mchezo wetu. Wewe unachambua, nyeupe kwenye rundo la safi, yenye madoa kwenye rundo la fifi, na kila unapochota konzi moja mimi natoa sentensi moja. Ikiwa sawa unasema "Safi!" Ikiwa mbovu unasema "Fifi!" kwa sauti ya karani wa kituo cha kununulia pamba, ile ya puani, mpaka mama alikuwa anacheka bila kujua tunasema nini. "Keep quiet", kaa kimya, niliipata siku ya kwanza. "Keep walking", endelea kutembea, siku ya pili. "Keep a promise" ilinisumbua sana. Nilikuuliza ahadi nitaifugaje. Ukanijibu kwamba ahadi nayo inataka kulishwa, halafu ukajisikia umeongea kama bibi wa miaka themanini, ukaanza kucheka, na mimi nikacheka, na kaka akatokea akauliza kama pamba inachambuliwa kwa meno.

Kaka hakuyapenda madaftari yako. Alikuwa anasema ameoa mke, hakuoa mwalimu. Lakini alikuwa anavumilia, maana mikono yako ilikuwa haisimami, na pamba yetu ilikuwa inasifiwa.

Halafu ikaja ile Jumamosi. Nyote mlikwenda msibani, nawe ukaniachia rundo lako la mwisho bila kumwambia mtu, kwa sababu mkokoteni ulikuwa uondoke asubuhi ya Jumatatu. Jumatatu hiyo hiyo mimi nilikuwa na mtihani wa Kiingereza. Nikasema nitafanya yote mawili kwa pamoja kama tunavyofanya na wifi. Nikachota, nikatunga. Sentensi ikiwa sawa nasema "Safi!" na konzi narusha kwenye safi. Sentensi ikiwa mbovu, konzi naitupa kwenye fifi. Sikuitazama pamba hata kidogo. Mkono ulifuata sentensi, na siku ile sentensi zangu nyingi zilikuwa sawa. Sijawahi kuchambua pamba kwa furaha kama siku hiyo. Ulirudi jioni peke yako ukakuta mafurushi yameshafungwa, ukanisifu; kaka na mama walilala msibani mpaka kesho yake.

Kituoni karani alizamisha mkono kwenye furushi la kwanza akatoa pamba ya madoa. La pili hivyo hivyo. Foleni nzima inatazama. Kaka akaambiwa ageuze mkokoteni akachambue upya, yeye ambaye kila msimu aliwacheka wenzake. Walimwita Bwana Fifi mpaka mavuno yaliyofuata, na nadhani kilichomuuma zaidi ni hicho.

Alirudi akisema maneno ambayo wote tuliyasikia. "Kama ni Kabula, shule imeisha leo hii. Kama ni mke wangu, aende kwao na vitabu vyake."

Kikao kikakaa sebuleni kwa baba mkubwa. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Baba mkubwa akakuita mama kwa Kisukuma, akakuuliza kwa upole, "Mayu, ile pamba alichambua nani?" Ulinitazama mara moja tu, wala si sana. Ukasema, "Nilichambua mimi, baba."

Nikaweka sinia chini nikaenda jikoni. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Watu huniambia ulikuwa mtoto, usijilaumu, lakini miaka kumi na minne inatosha kabisa kusema "ni mimi". Mtihani ule nilifaulu. Nilipoletewa karatasi wewe ulikuwa umeshapanda basi la Maswa na sanduku lako.

Leo nafundisha Kiingereza sekondari hapa Bariadi mjini, na nafundisha vizuri, sitajifanya mnyenyekevu. Wanafunzi wangu wakifika kwenye "keep" hawaandiki mambo ya vikombe. Nawaambia habari za kuku na kicheche, wanacheka, wanaelewa, wananiuliza nilisomea wapi njia hiyo. Kila mara nilikuwa nawajibu kwamba nilifundishwa na mtu wa nyumbani. Mwezi huu binti mmoja wa mbele akaniuliza, "Mtu gani, madam?" Nikashindwa kulitaja jina lako mbele ya watoto arobaini. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, na nikajua siwezi tena.

Jumapili iliyopita nilipanda bodaboda mpaka Ngulyati. Nilimkuta kaka na mama wanakula. Sikusubiri wamalize kula, nikasema yote nikiwa nimesimama. Kaka alibaki ameshika kiazi mkononi.

"Sasa Minza alisema ni yeye kwa nini?"

"Ulisema utaniachisha shule."

"Nilisema kwa hasira tu," akasema. "Hasira tu, Kabula." Akarudia mara ya tatu, kwa sauti ya chini. Sijui kama ni kweli, na nadhani hata yeye hajui. Ana mke mwingine sasa na watoto, sikuja kumvunjia nyumba.

Mama ndiye aliyenimaliza. Aliendelea kumenya kiazi chake, akasema, "Mimi nilijua. Siku ya msiba nani mwingine alibaki nyumbani? Nilijua, nikaona bora aende wa watu abaki wangu." Halafu akalia, wifi. Unamjua mama, hata msiba wa baba hakulia mbele yetu.

Basi hatukuwa wawili tuliojua, tulikuwa watatu, na aliyelipa ni wewe peke yako. Sina namna ya kulifanya hilo liwe dogo. Nakupenda, nakushukuru, na najionea aibu, yote kwa pamoja, na hakuna moja linalofuta jingine.

Nimesikia uko Binza kwa wazazi wako, na una duka linaloendelea vizuri. Hilo halikunishangaza. Lakini wazazi wako walitoa ng'ombe zizini wakiamini wamelea binti mvivu, na hilo halirekebishwi kwa barua wala simu. Kwa hiyo Jumamosi tunakuja, mimi na mama. Yeye ameshaanua kitenge chake kizuri na hataki kusikia habari za goti lake linalouma. Hatuji kukurudisha popote, wala kukuomba usahau. Tunakuja kwa baba yako na mama yako. Tutawaamkia kwa magoti, halafu nitawaambia binti yao alifanya nini na alimfanyia nani. Ukitufungia mlango, hatutakulaumu. Nitayasema hapo hapo nje, kwa sauti ya darasani, mpaka jirani wa tatu asikie.

Kaa salama mpaka Jumamosi.

Wifi yako, utake usitake,
Kabula