Kiti Changu Bado Kina Nailoni

Jumatatu, 7 Julai
Nimeamka tena, upande wake wa kitanda umepoa. Nikajua yuko wapi. Uani, kichwa ndani ya gari. Hata chai hajanywa.

Mume wangu! Bado naandika neno hilo nikitabasamu peke yangu kama mjinga. Espoir wangu. Shingo yake, vidole vyake, namna anavyoimba vibaya akinawa uso. Nampenda mpaka tumbo linauma. Lakini asubuhi hii amepangusa taa za gari kwa fulana yake mwenyewe, taratibu, kama anayempangusa mtoto uso. Nimeona wivu. Wivu juu ya gari! Jekundu, milango miwili, viti viwili mbele, nyuma hapamtoshi hata mbuzi. Kiti cha abiria alikivisha ngozi mpya kabla ya arusi, nailoni yake hajaitoa. Alisema nitaichana mimi.

Sijalipanda bado. Kwetu Lubarika bibi arusi hatoki nje mpaka watu wa kwao waje kumfunua. Watakuja Jumamosi. Kwa sasa dunia yangu ni dirisha.

Jumanne, 8 Julai
Filta ya hewa. Siku nzima ni hiyo tu. Anataka kuondoa ile iliyokuja na gari. Amenieleza tukila vile visamaki vya ndagala. Kuna mbili za kuchagua: moja ni koni ya pamba, inapakwa mafuta yake maalum, inakaa wazi juu ya injini. Ukiichafua unaifua. Nyingine inakaa ndani ya boksi lililofungwa. Ya koni inalifanya gari lingurume. Amenisikilizisha video kwenye simu, amefumba macho.

"Sikia, sheri wangu. Sikia inavyopumua!"

Mimi pia napumua. Hapa, kando ya bega lake.

Akaniuliza ningechukua ipi. Nimejibu, "Unayopenda weye." Sauti yangu ni ndogo tangu utoto. Ilibidi azime video ndipo anisikie.

Alhamisi, 10 Julai
Anayeuza filta ni mwanamke. Solange, wa Bujumbura. Wanapigiana simu. Espoir anacheka. Ni kile kicheko nilichodhani ni changu.

Dada yake, Zawadi, ndiye anapika siku hizi, maana bibi arusi hashiki jiko. Ametia sahani mezani na kunichokoza: "Pole, bibi arusi. Uko na mukewenza wa chuma. Kesho wa nyama iko anakuja."

Nimecheka naye. Kisha nimelia kwenye taulo. Simpendi Solange. Sijamwona. Simpendi.

Ijumaa, 11 Julai
Yule Solange!

Amekuja. Pikipiki ya kukodi ilimshusha langoni. Suruali, nywele fupi, mzuri. Mzuri kabisa, Mungu anisamehe. Nimesimama nyuma ya pazia. Vichwa viwili chini ya kifuniko kimoja cha injini. Alibeba filta zote mbili. Wakafunga ya koni. Espoir akawasha. Sahani zikalia kabatini, kuku wa jirani wakapanda ukuta. Gari likatoka na vumbi likaziba dirisha. Lilipotua, uani hapakuwa na gari wala Solange.

Viti viwili. Viti viwili tu!

Nikatoka. Kichwa wazi, ndala za bafuni. Nyuma yangu Zawadi akapiga yowe: "Bibi arusi anatoroka! Mama, miye simo!" Mtaa wetu wote wa Kasenga ukasimama. Fundi cherehani aliacha nguo ya mtu katikati ya sindano. Aibu ilinijia baadaye. Wakati ule nilikuwa na hasira tu.

Kwenye kona ya kwanza, gari limesimama. Espoir ndani, peke yake, anakanyaga mafuta. Solange yuko nje, amefuata kwa miguu, ametega sikio. Kiti changu kitupu. Nailoni inang'aa.

Espoir akazima, akatoka, akainua kifuniko, akapitisha kidole juu ya koni. Imekwisha kuwa rangi ya barabara. Ndipo wakaniona.

"Ni weye bibi arusi?" Solange akasema. "Karibu, utusaidie. Sauti nzuri hivi, bwana yako anaikataa! Eti vumbi la Lubarika litaua motere ya gari. Eti tena bibi yake anaongea sauti ya polepole, na anataka kumusikia njiani."

Espoir hakunigombeza. Alivua koti lake, akanifunika kichwa mpaka puani, akanirudisha nyumbani hivyo, kipofu, mkono kwa mkono. Koti linanuka mafuta. Nililivuta puani kwa nguvu zote.

Mlangoni, sauti ya mama yake: "Papa, mwanangu, nani amemufunua huyu?"

"Hakuna, mama. Si unaona amefunikwa?"

Jumamosi, 12 Julai
Wamekuja na ndizi, pombe na nyimbo. Shangazi ameniondoa kitambaa kichwani, wote wakapiga vigelegele kana kwamba Kasenga haikuniona jana. Mama mkwe aliuma mdomo asicheke. Nadhani ananipenda.

Jumapili, 13 Julai
Baada ya misa nimeichana nailoni. Ilitoka vipande vipande. Kipande kidogo nimekiweka hapa, kati ya kurasa hizi.

Amefunga ile ya boksi. Gari halingurumi, linanong'ona. Tulipita mashamba ya mpunga, vumbi lote likabaki nyuma yetu. Karibu na Lubarika nilimwambia jambo dogo la mke na mume, kwa sauti yangu hii hii. Hakuniuliza mara ya pili. Aligeuka tu, masikio yamemwiva kwa haya.

Tulipofika kwa mama yangu, kabla ya kushuka, akapapasa usukani.

Nimeona. Nimecheka tu, nikashuka.