Zima Mashine, Chukua Upondo

Jumatatu, 5 Mei
Zamu yangu ya kulinda mto tena. Asubuhi mapema nimepanda mtumbwi mpaka matete yanapoanzia, juu kidogo ya kijiji cha Kau. Ubao wetu bado umesimama: "Zima mashine, chukua upondo." Mwandiko wangu, rangi nyekundu. Boti tatu zimepita, zote zimezima na kusukumwa kwa mti mrefu wa upondo. Kambale wameanza kutaga kwenye nyasi za ukingoni. Wimbi la mashine moja tu huyatupa mayai topeni, yakauka. Wanaume walitucheka sisi wanawake wa kamati ya mto tulipopitisha sheria hii. Sasa wanazima. Moyo wangu mkunjufu.

Jumatano, 7 Mei
Shughuli nyumbani. Mwanangu Athumani anaoa. Nikaha Ijumaa huko Kipini, Jumamosi bibi harusi analetwa kwetu. Atamleta kaka yangu Bakari, kwa boti yake ya mashine. Leo kaniambia hatazima. Kwamba ni siku moja tu. Kwamba wageni si magunia ya mpunga. Nikamwambia atazima. Akacheka mbele ya mkewe. Nimekasirika hata chai imenishinda.

Alhamisi, 8 Mei
Wenzangu wawili wa kamati wamekuja. Wanataka niiache zamu ya Jumamosi, eti mama mwenye harusi hakai mtoni. Nimekataa. Athumani amekula haraka, akatoka. Naogopa. Lakini nikimpisha Bakari, Jumatatu nitamzuia nani?

Jumamosi, 10 Mei
Nimekwenda na leso zangu mpya za harusi. Mashine nimeisikia kabla ya kuiona boti. Nikakingamisha mtumbwi katikati ya mto. Bakari akapunguza mwendo, hakuzima.
"Dada, ondoka. Unatuaibisha."
"Zima kwanza."
Wanawake wa Kipini wakanitazama kama mwendawazimu. Mama mmoja akauliza kuna nini. Nikawaeleza habari ya mayai. Kisha bibi harusi, kajifunika buibui, hana ruhusa hata ya kuinua uso, akasema:
"Mjomba, zima. Samaki hao ndio nitakaowapika mimi."
Bakari akazima.
Botini mlikuwa na upondo mmoja. Nikawarushia wangu wa akiba. Wanawake wakapokezana, wakiimba, mmoja nusura atumbukie. Tumefika adhuhuri imepita, pilau limeshika ukoko, wapishi wamenuna. Bakari hajanisalimu mpaka sasa.
Sijali. Nimepata mkwe! Nimejivuna siku nzima, wala sikuficha.

Jumapili, 11 Mei
Mvua kidogo asubuhi. Tumeteremka mtoni, mimi na mkwe wangu, kuosha masufuria. Bakari alikuwa akiwarudisha wageni Kipini. Kabla ya kuyafikia matete akazima, akapiga upondo mwenyewe, shati limelowa jasho. Hakunitazama. Mkwe wangu akampungia mkono. Bakari akaitikia kwa kichwa.
Boti ikapita taratibu. Nyasi hazikutikisika.