Kisanduku cha Santuri

Kombewa, 9 Agosti 1988

Mwanangu Anyango,

Nakusalimu huko Nakuru, wewe na watoto. Kifua cha mdogo kimepona? Sisi tuko tu, mahindi yamekauka vizuri.

Mashine ya santuri ya baba yako iko kwa nyumba yangu, maana mimi ndiye mke wa kwanza. Lakini sauti ilikuwa ndogo, akawa anaenda kwa Rosa, mke mwenzangu, kusikiliza redio. Basi nikaenda Kibuye kwa fundi Dishon. Akasema sindano inataka kisanduku cha kukuza sauti yake kabla ifike kwa spika. Alikuwa na viwili, kimoja cha kelele, kingine cha pole lakini safi. Nikachukua cha kelele, ndiyo Rosa asikie mpaka kwake.

Baba yako akasema, "Mama Anyango, hii ni muziki ama poshomili inasaga mahindi?" Akachukua kofia akaenda kwa huyo.

Nikakirudisha. Hiki cha pili, mwanangu, unasikia mpaka vidole vikigusa gitaa! Baba yako alikaa kwangu siku tatu, anatabasamu tu. Siku ya nne akasema, "Utamu kama huu si wa mtu mmoja. Muite Rosa."

Alikuja na kiti chake, akakiweka karibu na baba yako.

Sasa nimesema sindano imevunjika. Nimeificha kwa debe la unga. Baba yako akikuandikia umtumie nyingine, mwambie Nakuru hakuna.

Funika watoto vizuri, baridi ni mbaya.

Mama yako anayekuombea,
Dorca