Libanga nililomtupia Trésor

Kisangani, Alhamisi. Jua limechoma tangu asubuhi, mawingu yanazunguka juu ya mto na mvua haitaki kunyesha. Kichwa kinaniuma. Roho nayo haijatulia, na safari hii siwezi kusingizia joto.

Bon, niseme tu. Ndoa ya rafiki yangu Trésor imesimamishwa, na aliyesababisha ni mimi.

Wanaosoma hapa wananijua: kinyozi, mtu wa rock katika mji wa rumba. Kila mwaka bendi tunayoishabikia inarudi kupiga muziki nyumbani kwao Basoko, na kila mwaka mimi na Trésor tunapanda baleinière, ile mashua ndefu ya mbao yenye injini, tunateremka mto kwenda kuwaona. Tunalala juu ya mifuko ya chumvi, tunakula chikwangue, ule mkate wa muhogo, na samaki wa moshi, tunabishana mpaka Isangi nani kati ya wapiga gitaa wao wawili ni fundi zaidi. Watu wazima na ndevu zetu! Mama anasema tuna wazimu, na hajakosea sana.

Mwaka huu Trésor hakuja. Ameokoka. Amempata Grâce, mwimbaji wa kwaya, msichana mzuri kweli, na mbele ya kanisa zima alitoa ushuhuda kwamba ameacha muziki wa dunia. Siku hiyo nilikaa benchi la nyuma. Nilipiga makofi kama wengine, huku moyoni nimenuna kama mtoto aliyenyimwa andazi.

Nilienda peke yangu.

Kwa asiyejua: huku kwetu mwimbaji hutaja majina ya watu katikati ya wimbo. Tunaita kutupa libanga. Wengine hulipia. Sisi hatujawahi, mwimbaji wa bendi hii anatutaja kwa sababu anatujua, wale wawili wa Kisangani. Na ukitajwa unajibu, ili watu wajue uko wapi. Trésor hujibu kwa mluzi, vidole viwili mdomoni, mluzi wa kupanda na kushuka ambao mtaa wetu wote unaujua.

Basi Basoko, kabla hawajaanza, nilimfuata mwimbaji nyuma ya jukwaa nikamwomba amtaje Trésor hata kama hayupo. Nilijiambia nampelekea zawadi, kama mtu anavyomfungia chakula ndugu aliyekosa sherehe.

Akamtaja. Mara mbili! Na alivyo mchokozi akaongeza: "Trésor wa Kisangani, ninakuona pale!" Hakumwona mtu yeyote. Ndivyo waimbaji wanavyosema. Uwanja ukalipuka, na mimi, ole wangu, vidole vikaenda mdomoni vyenyewe. Nikapiga mluzi wake, kupanda na kushuka, kama anavyoupiga mwenyewe.

Kuna mtu alikuwa anarekodi.

Video ilifika Kisangani kabla yangu. Mteja ndiye aliyenionyesha, amekaa kitini, nusu ya kichwa imenyolewa, anakufa kwa kicheko: "Trésor wenu na wokovu wake!" Nilicheka naye kidogo, Mungu anisamehe, kabla sijaelewa. Maana wiki ileile Trésor naye alikuwa ameteremka mto, ila yeye aliishia Yangambi, kwa tonton wake, yaani mjomba, kuzungumza mambo ya mahari. Nani atamwamini? Alionekana bandarini akipanda mashua. Jumapili hakuwepo kanisani. Jina lake limeitwa, mwimbaji amesema anamwona, mluzi unasikika. Tonton amepiga simu kuapa kwamba alikuwa kwake, na watu wa kanisa wanasema tonton angesema nini kingine.

Papa pasteur, mchungaji wao, amesimamisha ndoa. Baba yake Grâce amemkataza binti kupokea simu zake.

Libanga kwa Kilingala ni jiwe. Miaka yote nimelitamka hilo neno bila kulifikiria.

Leo nimefunga salon mapema nikaenda kwake. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Nilimkuta uani anafua mashati katika beseni. Nikamwambia yote bila kupumua: mimi ndiye niliyeomba jina, mimi ndiye niliyepiga mluzi, Jumapili nitasimama mbele ya kanisa niseme, na wakitaka nitaupiga palepale wasikie wenyewe.

Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alikamua shati, akalitundika kwenye kamba, akauliza bila kuniangalia:

"Wakati alitupa jina yangu, batu balifanya nini?"

Nikamwambia ukweli. Walipiga kelele mpaka gitaa halikusikika.

Akatabasamu, kidogo tu, halafu uso ukamharibika.

"Usikuye ku kanisa Jumapili," akasema. "Ukisema sikukuwa kule, batakuamini. Bon. Alors Grâce ataniuliza swali ya pili, kama nilikuwa natamani kuwa kule. Na ile, ndeko, ndugu yangu, sitaweza kumudanganya."

Akachukua shati jingine. Nikaaga.

Na sasa lile ambalo sikutaka kuliandika. Aliposema hivyo, nilifurahi. Rafiki yangu anampoteza mwanamke anayempenda, yuko pale na mikono ina povu, na kitu ndani yangu kinashangilia kwamba bado ni wetu. Nimetembea mpaka nyumbani na hiyo furaha, nikijionea haya.

Zawadi gani? Nilikuwa namvuta arudi. Nilijua tangu nyuma ya jukwaa, nikajifanya sijui.

Jumapili nitaenda, atake asitake. Nitasema hakuwepo na mluzi ni wangu, basi. Alichokitamani ni chake na Grâce, wataongea wenyewe, mimi siwezi kuwasemea hilo. Lakini Grâce ana akili. Ataniita pembeni aniulize kwa nini niliita jina la mtu aliyekwisha kuaga mambo hayo, na nitamjibu: nilitaka umkose.

Watafunga ndoa, naomba wafunge. Ila katika nyumba yao, sidhani kama kuna siku nitakaribishwa kuketi.