Taulo Juu ya Kompyuta

Mwenzangu, yale maneno ya jirani yangu fundi cherehani, kwamba kompyuta ikikimbizwa sana inalipuka kama mtungi wa gesi, yamenikaa kichwani wiki nzima.

Leo binti yangu kaiongezea yake mwendo ili iwahi kumaliza michoro yake ya mtihani. Akaniambia, "Mama, nimepandisha kidogo tu, na joto naliangalia. Naenda kuoga, usiiguse."

Usiiguse! Mara naisikia inavuma. Naweka mkono, moto kama mtoto mwenye homa. Na homa mimi naijua. Nikalowesha taulo, nikalikamua vizuri, nikaifunika gubigubi.

Ikavuma zaidi, halafu kimya. Nikafurahi! Nikasema imepoa.

Akatoka bafuni, akasimama mlangoni. "Mama, umeifunika?"

"Ilikuwa na homa."

"Hapo ndipo inapopumulia, mama."

Hakupiga kelele. Angenigombeza ningepata la kujibu. Inapopumulia! Nimemziba mgonjwa pumzi kwa mikono yangu mwenyewe.

Mpaka sasa haijawaka. Michoro yote imo humo na inatakiwa kesho asubuhi. Yeye anaipepea kwa feni, mimi niko jikoni sijui hata nishike nini.

Na wewe mwanao anayo, kwa hiyo shika haya:

Usiifunike, hata kwa kitambaa kikavu.
Usipeleke maji karibu.
Asiipandishe mwendo kwa pupa, na akishapandisha asiondoke.
Usimsikilize fundi cherehani habari za kompyuta.
Ukiambiwa usiiguse, kalia mikono yako.